TUHESABU PUMZI ZA MGONJWA MAHUTUTI

Mimi ni mganga wa zahanati, kijana wa miaka ishirini na kitu. Sina digrii. Nina cheti, na kazi yangu ni kuwatibu watu wa Kiseke na majirani zetu hapa Ilemela, Mkoa wa Mwanza. Wazee wangu mnaosoma ukurasa huu, shikamooni. Nikisema kwa ukali mnisamehe. Jambo lenyewe linahusu uhai wa watu.

Wavuvi wetu wana ujuzi mmoja mkubwa. Kabla ya kusukuma mtumbwi majini, mvuvi hutazama mawingu. Hutazama upepo unatoka wapi. Hutazama rangi ya maji. Hangoji mpaka mtumbwi ujae maji ndipo aseme kwamba kuna dhoruba. Anajua kuwa dalili ya mvua ni mawingu.

Mgonjwa naye ana mawingu yake. Mara nyingi mtu hafi ghafla kama watu wanavyosema. Kabla ya kuzidiwa, mwili wake hutoa dalili kwa saa nyingi. Pumzi huenda mbio. Moyo huenda mbio. Mkojo hupungua. Maneno huanza kuchanganyika. Aliye karibu akizitazama dalili hizo, ataziona. Asipozitazama, atakuja kusema, "Jana alikuwa mzima tu."

Maoni yangu ni haya. Ujuzi wa kwanza wa kumwokoa mgonjwa mahututi si ujuzi wa mashine. Ni ujuzi wa kutazama, kuhesabu, kuandika na kuchukua hatua mara moja. Kila muuguzi lazima awe nao. Kila hospitali lazima impe muuguzi nafasi ya kuutumia. Na sisi wananchi lazima tuuelewe, ili tuweze kusaidia na tuweze kuudai.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla sijawasema wengine, nitajisema mimi.

Nilipokuwa mwanafunzi, nilipangwa zamu ya usiku katika wodi ya wanaume ya hospitali moja. Alikuwapo mzee mmoja mvuvi, mwenye homa ya mapafu. Kwenye kitanda chake kulikuwa na karatasi ya kuandika hali yake. Saa 12 jioni ilikuwa imeandikwa: pumzi 20. Saa 4 usiku: pumzi 20. Saa 8 usiku ilikuwa zamu yangu kuandika. Nilikuwa nimechoka, na wagonjwa walikuwa wengi. Nikatazama karatasi, nikaona 20 na 20. Nami nikaandika 20. Sikuhesabu.

Kijana wake alikuwa amekaa chini kando ya kitanda. Akaniambia, "Kaka, baba anahema sana." Nikamjibu, "Tulia, daktari atapita asubuhi."

Saa 11 alfajiri muuguzi mkubwa alipita. Alisimama, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Zilikuwa pumzi 44. Midomo ya mzee ilikuwa imeanza kuwa ya bluu. Akakimbilia oksijeni, akamwita daktari. Kabla ya saa sita mchana mzee alifariki.

Siwezi kusema kwamba ningehesabu angepona. Pengine ugonjwa ulikuwa umemzidi. Lakini najua jambo moja. Yule kijana asiyesomea uganga aliona sawasawa, nami mwenye kalamu niliandika uwongo. Namba ile 20 ilimdanganya kila aliyeisoma baada yangu. Karatasi tupu ingekuwa afadhali, maana karatasi tupu ingemfanya mwingine aulize.

Tangu siku ile siandiki namba ambayo sikuihesabu.

MGONJWA MAHUTUTI NI NANI?

Mgonjwa mahututi ni yule ambaye sehemu muhimu ya mwili wake imeanza kushindwa kazi, na anaweza kufa asipopata msaada wa haraka. Sehemu hizo ni kama mapafu, moyo na ubongo.

Watu wengi hufikiri kwamba mahututi wote wako katika chumba maalumu chenye mashine zinazolia. Sivyo. Mwaka 2025 jarida la kitabibu la Uingereza liitwalo The Lancet lilichapisha uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Walitazamwa wagonjwa karibu 20,000. Ilionekana kwamba katika kila wagonjwa 8 waliolazwa, mmoja alikuwa mahututi. Karibu mahututi 7 katika kila 10 walikuwa katika wodi za kawaida. Zaidi ya nusu ya mahututi hawakuwa wanapata matibabu ya msingi waliyoyahitaji, kama vile oksijeni au maji ya dripu. Katika kila mahututi 5, mmoja alifariki ndani ya siku 7.

Tuelewane, ndugu msomaji. Matibabu yaliyokosekana si ya ajabu. Ni oksijeni. Ni dripu. Ni kumlaza mtu vizuri ili njia yake ya hewa isizibe. Mambo haya yanajulikana. Lakini hayawezi kutolewa ikiwa hakuna aliyeona kwamba yanahitajika.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Muuguzi anayemwangalia mgonjwa mahututi hutazama mambo mengi. Leo nitataja matano. Namba za mtu mzima nitaziandika ili uzisome mwenyewe.

1. PUMZI. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Mtu mzima aliyepumzika huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Zikizidi 30, au zikiwa chini ya 8, ni hatari. Pumzi ndiyo dalili inayosahauliwa kuliko zote, kwa sababu haina mashine inayolia. Inataka macho na saa tu. Kipo pia kipimo kidogo kinachobanwa kidoleni ili kuonyesha oksijeni katika damu. Kikisoma chini ya 90, mgonjwa anahitaji oksijeni.

2. MAPIGO YA MOYO NA NGUVU ZA DAMU. Mapigo hupimwa kwa vidole kwenye kifundo cha mkono. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 kwa dakika. Yakizidi 130, au yakiwa chini ya 40, ni hatari. Presha ya damu ina namba mbili. Ile ya juu ikishuka chini ya 90, damu haisukumwi vya kutosha. Hata bila kipimo, mikono na miguu ikiwa baridi na yenye jasho, shituka.

3. FAHAMU. Kuna ngazi nne. Ya kwanza, mgonjwa yuko macho na anazungumza vizuri. Ya pili, anaitika akiitwa tu. Ya tatu, haitiki akiitwa, lakini anashituka akiumizwa kidogo. Ya nne, hashituki kabisa. Akishuka ngazi hata moja, muuguzi aambiwe hapo hapo. Mtu anayeanza kupayuka usiku si lazima awe na mashetani. Pengine ubongo wake unakosa hewa, au sukari ya damu imeshuka, au malaria imempanda kichwani.

4. JOTO. Joto la kawaida la mwili ni karibu nyuzi 37. Kuanzia 38 ni homa. Lakini usifurahi haraka mgonjwa akipoa. Mgonjwa mahututi ambaye joto limeshuka chini ya 36, huku pumzi zinakwenda mbio, amezidiwa zaidi.

5. MKOJO. Watu wengi huona aibu kuutaja, lakini mkojo unasema mengi. Mtu mzima wa kilo 60 anatazamiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa. Kwa usiku mzima wa saa 12 ni mililita 360, yaani zaidi kidogo ya chupa moja ya soda. Akitoa kikombe kidogo tu, au asikojoe kabisa, figo zake zinalia.

Watoto wana namba zao. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 mpaka kabla ya mwaka mmoja, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, ni 40 au zaidi. Kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea, usingoje kesho.

KUANDIKA BILA KUTENDA HAKUPONYI

Sasa nafika kwenye neno ambalo wenzangu wengine hawatalipenda.

Wapo wauguzi wanaopima vizuri na kuandika vizuri, lakini baada ya kuandika huweka kalamu na kwenda kitanda kinachofuata. Presha imeandikwa 70. Pumzi zimeandikwa 38. Karatasi ni safi, mwandiko ni mzuri, na mgonjwa anakufa. Karatasi haina mikono. Namba ya hatari ni sawa na kelele ya "Moto!" Anayesikia kelele ya moto haiandiki daftarini halafu akalala.

Hili si dogo. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, wataalamu walichunguza chumba cha wagonjwa mahututi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kabla ya kuanza mpango mpya, dalili ya hatari ilipoonekana, ni mara 13 hivi tu katika 100 ambapo mgonjwa alipewa matibabu ya haraka. Kisha ukawekwa mwongozo rahisi: ukiona dalili hii, fanya hivi. Wauguzi na madaktari wakafundishwa. Matibabu ya haraka yakapanda hadi mara 29 hivi katika 100. Wagonjwa waliofika wakiwa na presha ya chini sana, waliokuwa wakifa 92 katika 100, sasa walikufa 69 katika 100.

Nisikudanganye, msomaji. Kwa wagonjwa wote wakijumlishwa pamoja, vifo havikupungua kiasi cha kutosha kusema kwamba ni kwa ajili ya mwongozo huo. Na mara 29 katika 100 bado ni chache mno. Lakini somo liko wazi. Watu walikuwa wale wale na wodi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni makubaliano ya kutenda.

Kwa hiyo nasema, muuguzi apewe ruhusa iliyoandikwa. Pumzi zikifika 36, amkalishe mgonjwa, amwekee oksijeni, kisha amwite daktari. Mgonjwa akipoteza fahamu, amlaze ubavu, asafishe kinywa, kisha aite. Asilazimishwe kungoja saa mbili ili apate ruhusa ya jambo alilofundishwa chuoni. Wengine husema, "Muuguzi akiruhusiwa atajifanya daktari." Mimi nawauliza, je, jirani anayemwaga maji kwenye nyumba inayoungua amejifanya zimamoto?

"LAKINI WAUGUZI NI WACHACHE"

Neno hili ni kweli. Usiku muuguzi mmoja anaweza kuachiwa wodi nzima. Hawezi kuhesabu pumzi za kila mtu kila saa. Tukimlaumu tu, tunamwonea.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, wasipimwe wote sawasawa. Aliye mahututi apimwe mara nyingi, hata kila saa. Anayeendelea vizuri apimwe mara chache. Mahututi alazwe karibu na meza ya muuguzi, si kona ya mbali. Na zamu zinapobadilishwa, anayeondoka amwonyeshe anayeingia kitanda kwa kitanda: "Huyu ndiye wa kutazama usiku huu."

Pili, tuwatumie ndugu wa mgonjwa. Wenzangu wengine husema ndugu ni usumbufu wodini. Mimi nilijifunza kwa yule kijana wa mvuvi kwamba sivyo. Ndugu anamjua mgonjwa. Anajua baba yake huongea vipi akiwa mzima. Akisema, "Leo si yeye," asikilizwe.

Lakini nawe ndugu wa mgonjwa una wajibu wako. Usimpe uji mtu asiye na fahamu. Utaingia mapafuni na kumwua. Usiguse kigurudumu cha dripu ili maji yaende mbio. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa na hali mbaya. Watoto wenye kuhara hawakuwamo. Wale waliomiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka walikufa zaidi kuliko wale ambao hawakumiminiwa. Maji ya dripu ni dawa, na dawa ina kipimo. Usiondoe oksijeni puani mwa mgonjwa kwa sababu umesikia kwamba oksijeni huua. Mtu huwekewa oksijeni kwa sababu hali yake ni mbaya. Haiwi mbaya kwa sababu amewekewa.

MAMA ALIYEHESABU

Mwaka jana, msimu wa mvua, alikuja zahanati mama mmoja wa hapa Kiseke akiwa amembeba mjukuu wake wa miezi 8. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akasema, "Marahaba mwanangu. Nimehesabu pumzi za mtoto. Ni 58."

Nikashangaa. Nikahesabu mwenyewe. Nikapata 60. Kifua kilikuwa kinabonyea. Nikampa dawa ya kwanza hapo hapo, nikaandika barua ya rufaa, na wakaondoka kwenda hospitali kwa pikipiki bila kuchelewa. Mtoto alilazwa, akapewa oksijeni na sindano. Baada ya siku sita alirudi nyumbani.

Nilimwuliza mama alijifunzia wapi. Akasema, "Namba nimejifunza ukubwani, darasani. Ya pumzi ulitufundisha wewe kliniki. Niliazima simu ya jirani yenye saa, nikahesabu mara mbili."

Ndugu msomaji, uliyejifunza kusoma na kuhesabu ukubwani, usiseme elimu yako ni ya kusomea barua tu. Kwa hesabu ile ile ya kuhesabia magunia ya mpunga na ndoo za dagaa unaweza kuhesabu pumzi za mtoto. Kwa kusoma kule kule unaweza kusoma karatasi ya hali ya mgonjwa wako na kuuliza kwa adabu, "Nesi, naona hapa pameandikwa 38. Tufanye nini?" Swali hilo si utovu wa heshima. Swali hilo ni msaada.

TUFANYE NINI?

Mwaka 1973 wazee wetu nchi nzima walikusanyika katika vikundi vya redio vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, walijadili, kisha walichukua majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja afya iletwe kwa gari. Nasi tufanye yetu.

Kamati ya zahanati na ya kituo cha afya iulize maswali haya. Je, katika chumba cha wagonjwa ipo saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde? Je, kipimo cha presha kinafanya kazi? Je, oksijeni ipo, na nani anajua kuiwasha usiku? Je, karatasi za kuandikia hali ya mgonjwa zipo? Saa ya ukutani haihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Wananchi wakichangishana kidogo kidogo wanaweza kuinunua.

Na kwa mama mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga aliye hatarini, ipo namba 115 ya mpango wa M-mama, ya kupiga bure kuomba usafiri wa dharura. Iandike ukutani kwako.

Wauguzi wenzangu, nanyi nawaomba neno moja. Usiku ukichoka, ukiona 20 na 20 kwenye karatasi, usiandike 20 ya tatu. Vuta kiti. Tazama saa. Tazama kifua. Hesabu dakika moja. Mimi sikuitoa dakika hiyo, na bado naikumbuka.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mgonjwa mahututi ni nani?
2. Hesabuni pumzi za mwenzenu aliyetulia kwa dakika nzima. Mmepata ngapi?
3. Kwa nini ni hatari kumpa uji mtu asiye na fahamu?
4. Muuguzi akiandika namba ya hatari, anatakiwa kufanya nini baada ya hapo?
5. Zahanati yenu ina saa ya ukutani? Kama haina, mtaipataje?